Mlima Utengenezao Mawingu

Mgeni afikaye Moshi kwa basi la mchana huuliza mlima uko wapi. Wenyeji humwonyesha upande wa kaskazini, naye haoni ila ukuta wa mawingu mazito. Atakaye kukiona Kibo hana budi kuamka alfajiri, maana ifikapo saa nne au saa tano za asubuhi pazia huanza kufungwa. Jioni, jua likielekea kuzama, mara nyingi pazia hilo hufunguka tena.

Jambo hili lina utaratibu wake. Jua linapopanda hupasha moto mabega ya mlima, na hewa iliyo juu ya mabega hayo hupata joto, ikawa nyepesi na kupanda. Hewa hiyo imechukua mvuke, na sehemu kubwa ya mvuke huo imeletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi. Kadiri hewa ipandavyo ndivyo ipoavyo, hata mvuke ukageuka vitone vidogo mno, navyo vikikusanyika ndivyo tuviitavyo wingu. Kila mama aliyefunua chungu akaona matone chini ya kifuniko ameiona kazi ile ile. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa huwa nzito, huteremka mabondeni, na anga ikatakata.

Kwa hiyo apandaye kutoka Marangu hupita ndani ya mtambo wa mvua. Kwanza ni vihamba, migomba na kahawa vikinyweshwa na mifongo, yaani mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu enzi za mababu. Kisha ni msitu. Mjini Moshi mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000, bali katika msitu wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, hupita milimita 2,000. Huko juu ya msitu hata siku isiyo na mvua miti hudondosha maji. Ukungu hupita katikati ya matawi ya miti iitwayo Erika, iliyofunikwa na mimea ya kijivu ining'iniayo kama ndevu za wazee, na ndevu hizo huunasa ukungu tone kwa tone mpaka ardhi ikalowa.

Kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, msafiri aamkaye mapema huyaona mawingu yako chini yake, meupe, yametandazwa hadi upeo wa macho. Nadhani hakuna mandhari nyingine nchini mwetu imfanyayo mtu anyamaze namna ile. Mbele ya hapo maji yamekwisha. Tandiko lililo kati ya Mawenzi na Kibo ni vumbi na mawe, na kileleni penyewe, mita 5,895, ni pakavu kama jangwa.

Huko kwenye ukavu ndiko walikokwenda wataalamu. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake walitoboa barafu ya Kibo na kutoa mihimili sita. Kwa kuisoma tabaka baada ya tabaka walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700. Mwaka huo huo Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha juu ya barafu ya kaskazini kituo cha kupima upepo, jua, joto na unyevu.

Mwaka 1912 barafu ilifunika kilometa 12 za mraba hivi. Mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Thompson aliandika mwaka 2002 kwamba huenda ikatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki ya barafu yangalipo, ingawa yanazidi kusinyaa. Wataalamu wa Innsbruck, Austria, akina Georg Kaser na Thomas Mölg, walieleza kisa kwa namna nyingine. Kileleni wastani wa joto ni nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo barafu nyingi haiyeyuki ikatiririka. Hugeuka mvuke moja kwa moja, kama kipande cha barafu kisinyaavyo ndani ya jokofu bila kuacha maji. Tangu mnamo mwaka 1880 hewa ya mlimani imekuwa kavu zaidi. Mawingu yakipungua, theluji mpya hupungua, na barafu isiyo na theluji mpya hupoteza weupe wake, ikalinyonya jua badala ya kulirudisha angani.

Wageni wengi huishia hapo, kwenye barafu, na magazeti ya ng'ambo vivyo hivyo. Lakini mkulima wa Kilema au Machame anategemea zaidi wingu na msitu. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye amechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha kuwa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji yaliyopotea kwa kuungua kwa miti inasayo ukungu yanazidi sana yale yaliyokuwa yakitoka kwenye barafu. Ukungu bado unapita pale. Tatizo ni kwamba haupati pa kushika.

Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka tena juu ya msitu. Wanavijiji, wanafunzi na askari wa hifadhi walipanda kuuzima kwa matawi na majembe, kwa siku kadhaa, wengine wakipokezana usiku. Chini yao, mito ya mlima ilikuwa ikiendelea na safari yake kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo kwa mto Pangani mpaka mitambo ya umeme ya Hale, kisha baharini, ulikotoka ule mvuke.