Sehemu ya 6: Rimu pana, udongo wa mtoto, na bati ambalo halikukatwa

Najua niliahidi kuendelea na homa za usiku. Tutarudi huko. Leo nawaletea jambo lililotokea kwangu mwenyewe, na linahusu gari. Msikimbie jamani. Ndani yake kuna pesa ya bima ya mtoto, kuna vumbi la rangi, na kuna mama mkwe.

Jumamosi ile nilitoka zamu ya usiku. Nafika getini saa mbili asubuhi, miguu imevimba, kichwani ni kitanda tu. Nasikia mlio wa grainda. Kuingia ndani, naona gari la marehemu baba mkwe limevuliwa turubai, fundi kashika mashine mkononi, na kwenye madigadi ya nyuma kuna mstari wa chaki umechorwa kama upinde. Hatua tatu kutoka hapo, mwanangu wa miezi kumi anatambaa kwenye mkeka.

Sikusalimia. Nilichomoa waya ukutani, nikambeba mtoto, ndipo nikasema, "Shikamooni. Nani kaamua hili?"

Sasa mlielewe hilo gari. Ni Datsun 240Z, lile la spoti la milango miwili, boneti refu, viti viwili tu. Wazee wa Afrika Mashariki wanalijua. Lilishinda East African Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu likashinda tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mzee wetu aliyasikia matokeo hayo redioni akiwa kijana, na hakuyasahau. Miaka mingi baadaye akapata la kwake, limeshatumika, akalitunza kuliko alivyotunza viatu vyake. Alipofariki likabaki chini ya turubai miaka sita.

Baba watoto alitaka liamke. Hapo sina ubishi. Lakini aliona picha ya 240ZG, toleo lililouzwa Japani, lenye madigadi ya nyongeza yaliyofungwa kwa riveti juu ya yale ya asili. Akaipenda mpaka akaota. Fundi akamletea rimu za kujaribisha, upana inchi 8, na sehemu ya kufungia nati imekaa karibu na ukingo wa ndani, kwa hiyo karibu upana wote unatokeza nje. Ukizifunga, tairi linatoka nje ya bodi kama masikio. Dawa yake, kwa maneno ya fundi, "tunakata tu, mama, halafu tunafunika."

Nikauliza bei. Kukata, kuchomelea, madigadi ya nyongeza, puti, rangi ya gari zima. Jumla ilikuwa karibu sawa kabisa na ile hela tuliyokuwa tunaweka kila mwezi kwa ajili ya bima ya watoto. Nilipomtazama baba watoto, akaangalia chini. Nikajua hesabu hiyo ameshaipiga zamani.

Mama mkwe alikuwa barazani anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Akasema tu, "Baba yako alilinunua halina kovu. Mkishalikata, nani atalirudisha?"

Fundi akazima sigara, akakusanya vyombo, akasema atarudi tukielewana.

Nililala saa nne nikiwa na hasira. Nilipoamka hasira imepungua, nikamkuta mume wangu amekaa chini kando ya tairi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikakaa naye. Nikamuuliza swali tunalouliza wodini kabla mtu hajasaini fomu ya upasuaji: tumeshapima?

Hakuwa amepima. Fundi naye hakuwa amepima. Walitazama kwa macho, wakachora chaki.

Mama zangu, mnaujua ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto kliniki. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Milimita mbili tatu zinaamua kama mtoto anarudi nyumbani au anaanzishiwa matibabu. Kwa macho huwezi kuziona. Nikamwambia baba watoto, hata hili bati lipime hivyohivyo.

Tukaanza Jumapili baada ya ibada. Nami nikajifunza mambo ambayo sikuwahi kuyajali.

Rimu ina upana, lakini pia ina mahali ambapo sehemu ya kufungia nati imekaa, wenyewe wanaita ofseti. Ikiwa sifuri, sehemu hiyo iko katikati kabisa ya upana. Rimu za asili za gari hili ni inchi 14 kwa inchi 4 na nusu. Nyembamba sana, hata vigari vya kupelekea watoto shule siku hizi vina rimu pana kuliko hizo. Ukiweka ya inchi 7 unaongeza inchi 2 na nusu, kama milimita 64. Kazi iko kwenye kujua hizo milimita 64 zinaenda upande gani. Fundi alizipeleka zote nje, kwenye bati. Kumbe ndani, kati ya tairi na kikombe kinachobeba springi, kulikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyechungulia.

Tukatafuta rimu za inchi 15 kwa 7, ofseti sifuri, matundu manne yenye nafasi ya milimita 114.3 kama ya asili. Tukazipata zilizotumika, tukaomba kujaribisha kabla ya kulipa. Muuzaji alikubali baada ya kuachiwa kitambulisho.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Unatoa springi, unafunga rimu na tairi, halafu unapandisha gurudumu taratibu kwa jeki mpaka mwisho, kama vile gari limeingia kwenye shimo likiwa limejaa mzigo. Maana gari likiwa limesimama linadanganya. Kila kitu kinaonekana kina nafasi. Upande wa mbele unafanya hivyohivyo huku mtu anazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Huyo mtu nilikuwa mimi, na mtoto mgongoni.

Nyuma, upande wa ndani, kidole changu kidogo kilipita bila shida. Upande wa nje tairi lilikuwa karibu sana na ule mkunjo wa bati ulio ndani ya ukingo wa madigadi.

Hapo binti yangu wa miaka mitano akaleta udongo wake wa kuchezea, ule wa rangirangi. Baba yake akauchukua, akabandika vipande vidogo kwenye ukingo wote wa madigadi na kwenye kona ya chini mbele. Springi zikarudishwa, gari likatolewa taratibu, likapita juu ya tuta la mtaani, likakunja kona kali. Tukarudi tukakagua udongo. Uliobonyea ndipo tairi linapogusa. Uliobaki mzima, kuna nafasi. Binti alizunguka gari akitangaza, "Hapa mgonjwa, hapa mzima, hapa mgonjwa!" Nilicheka mpaka uchungu wa wiki nzima ukatoka.

Wagonjwa walikuwa wawili. Kona ya chini mbele, usukani ukikunjwa mpaka mwisho, na mkunjo wa ndani wa ukingo wa nyuma. Matairi tuliyojaribu yalikuwa 205/60R15. Tukabadilisha, tukajaribu 195/60R15, kona ya mbele ikapona. Baba watoto akanung'unika kuhusu hizo milimita 10. Nikamwambia afadhali akose milimita 10 kuliko ubavu wa tairi usuguliwe na chuma kila kona. Ubavu ndio ngozi nyembamba ya tairi. Ukichanika ukiwa kwenye mwendo, sisi wa zamu ya usiku ndio tunaowapokea.

Ukingo wa nyuma haukukatwa. Ulikunjwa. Ule mkunjo wa ndani unabanwa juu kidogokidogo mpaka ulale, rangi ikiwa imepashwa joto isipasuke, bila haraka, ukipita mara kumi badala ya mara moja. Na hapa ndipo nilipojua tulikuwa tumeokoka nini. Madigadi ya mbele ya gari hili yamefungwa kwa bolti. Ukiyaharibu, ukipata mengine unabadilisha. Ya nyuma yamechomelewa, ni sehemu ya mwili wa gari, na pale ukingoni bati la nje na la ndani yameunganishwa. Ukikata unaachanisha mabati mawili. Yasiposhonwa tena vizuri, maji na tope vinaingia katikati, na kutu inakula kutoka ndani mahali usipopaona. Ni kama kidonda kilichofungwa juu kikiwa bado na usaha chini.

Fundi yuleyule ndiye aliyefanya kazi hiyo, na aliifanya vizuri. Nilimwomba samahani kwa kuchomoa waya bila salamu. Naye akasema, "Mama, nilikuwa nafanya nilichoambiwa." Ni kweli. Hakuna aliyemwambia apime.

Sharti langu lilikuwa moja: kazi ya rangi isifanyike nyumbani. Hili nawaomba mlishike hata kama hamna gari. Rangi za zamani, za magari na hata za milango na madirisha, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Ikisuguliwa inakuwa vumbi, ikipashwa moto kupita kiasi inatoa moshi. Mtoto anayetambaa anashika sakafu, anaweka mkono mdomoni, na mwili wake unanyonya risasi kuliko wa mtu mzima. Inaathiri ubongo unaokua, na mara nyingi hutaona dalili yoyote mapema. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo: msasa wa maji, siyo mkavu. Watoto, vyombo na nguo zilizoanikwa vikae mbali. Baba akirudi kutoka gereji avue nguo na aoge kabla ya kumpakata mtoto. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unalirusha vumbi upya. Na zile rangi za gari zinazochanganywa na dawa ya kukausha, moshi wake unaweza kuleta pumu. Zinataka gereji yenye hewa na barakoa inayofaa.

Mengine mawili ni ya gari lolote, hata la kukodi. Kwanza umri wa tairi. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira umezeeka umepasukapasuka. Sisi tulikataa mawili kwa namba hizo. Pili, ukishafunga rimu nyingine, endesha kama kilomita 80 hadi 100, kisha nati zikazwe tena. Baba watoto alitaka pia kuweka spesa nyembamba ili rimu zitokeze kidogo. Tukaangalia: zile bolti fupi za zamani zingebakiza nyuzi chache tu za kushika nati. Akaziacha dukani mwenyewe, sikusema neno.

Hela ya bima haikuguswa. Rimu na matairi vililipwa na akiba yake ya gari, na ilibaki ya mafuta.

Jumapili iliyopita likatoka. Halina viti vya nyuma, kwa hiyo watoto wangu hawapandi, na hilo tumeshamaliza kulijadili. Aliyepanda kwanza ni mama mkwe. Kabla ya kuingia alizunguka nyuma, akapitisha kiganja polepole kwenye ukingo wa madigadi, kulia, kisha kushoto, kama ninavyopapasa tumbo la mama mjamzito.

"Hamkukata?"

"Hatukukata, mama," mume wangu akajibu.

Akajifunga kanga vizuri, akaingia, akaketi kiti cha abiria ambacho alikaa miaka yote na mzee. Wakapita tuta la mtaani. Nilikuwa getini na wanangu, nimetega sikio kama lile tairi litasugua. Halikusugua.

Waliporudi baada ya nusu saa, macho ya mama yalikuwa mekundu. Hakuna aliyemuuliza. Akaomba chai.

Kesho naingia zamu ya mchana. Sehemu ya 7 tutarudi kwenye homa za usiku kama nilivyoahidi, na tutaanzia palepale: kipimajoto kwanza, halafu dawa.