Ile video ya ua la mbuyuni nimeifuta mwenyewe

Wengi mmeniuliza mbona ile video haiko tena. Ngoja niwaeleze.

Hii stori ilianza na katleya. Nililetewa zawadi, ua moja la zambarau kubwa kama kiganja, nikachizi. Hapa Bongwe nikaipanda kama mtu anavyopanda mchicha: ndoo ya rangi, udongo, samadi kidogo, maji asubuhi na jioni. Na maji yenyewe ya kisima, yana chumvi. Wiki ya sita naivuta, mizizi imekuwa kama tambi zilizopikwa zikapitiliza.

Kumbe katleya si mmea wa udongo. Kwao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na nyingi huishi juu ya miti, mizizi nje inapigwa na upepo. Vile vishina vilivyovimba chini ya majani ndivyo akiba yake ya maji, kwa hivyo ikilowa muda wote inaoza. Ya pili nimeiweka kwenye makumbi ya nazi na vipande vya mkaa, kikapu kinaning'inia chini ya makuti. Naipa maji ya mvua niliyokinga, nangoja yakauke ndiyo nirudie. Majani yakikolea kijani sana, kivuli kimezidi. Yakienda manjano, jua ni kali. Haijatoa ua bado, lakini iko hai.

Sasa, baada ya hapo nikawa naangalia juu ya miti kila nikitembea. Na jameni, tuko na zetu! Ansellia africana, maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui. Mizizi yake mingine inachomoza kuelekea juu kama sindano, inafanya kikapu cha kudaka majani makavu, na yakioza yanakuwa chakula chake. Nikairekodi moja kwenye mbuyu, nikataja na njia ya kufika. Mimi na mdomo wangu.

Siku tisa baadaye mjomba akaniita. "Njoo uone ua lako." Gome limechubuka, vimebaki vipande vya mizizi tu. Halafu akaniuliza, taratibu, "Walikulipa ngapi?"

Hilo swali bado linaniuma.

Na msiniambie ni majani ya porini tu. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, na hii ya kwetu IUCN inaihesabu kati ya mimea iliyo hatarini. Pale Kaya Kinondo, moja ya kaya za Wamijikenda zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, hutoki na hata kijiti. Lakini mbuyu wa njiani hauna mzee wa kuulinda.

Ukitaka okidi, nunua iliyooteshwa bustanini, na umuulize muuzaji imetoka wapi. Akianza kubabaika, ondoka. Na nyingine niliyoiona wiki jana, sisemi iko wapi, hata mkija inboksi.