Kwelea Kwelea wa Mtera

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Iringa, baada ya zaidi ya kilomita 100 za mibuyu na miiba unafika Mtera. Hapo Mto Ruaha Mkuu umezuiwa kwa bwawa lililojengwa miaka ya 1970, lenye mitambo ya umeme ya megawati 80.

Likizo ya Pasaka mwaka jana nilipita hapo na wanangu wawili, tukienda kwa bibi yao ng'ambo ya bwawa. Tulipokuwa tunanunua perege wa kukaanga, kitu kama wingu kiliinuka vichakani.

"Mama, moshi!" akasema mdogo.

Haukuwa moshi. Walikuwa kwelea kwelea. Nikawaeleza, nawe mama mwenzangu waweza kumweleza mwanao hivi:

Kwelea kwelea ni mdogo kama shomoro, wa jamaa ya mnana. Tanzania wako wa aina tatu. Anayesumbua zaidi ni mwenye mdomo mwekundu. Madume ya aina nyingine mbili yana kichwa chekundu. Dume husuka kiota kwa majani mabichi juu ya miti ya miiba. Jike anapotaga, mdomo wake hugeuka manjano. Makinda hulishwa wadudu kwanza, kisha mbegu.

Chakula chao hasa ni mbegu za nyasi za porini. Zikiadimika, huvamia uwele na mtama. Mmoja hula kama gramu 10 tu kwa siku, lakini kundi la milioni moja humaliza tani 10.

"Basi wana njaa tu," akasema binti yangu. Nilinyamaza. Nilipokuwa na umri wake nilishinda dunguni nikiamia ndege, wenzangu wakiwa darasani.

Tulikuta uwele wa bibi unakomaa. Likizo ilipokwisha, bibi akaomba binti abaki wiki mbili alinde shamba. Ombi lake lilikuwa la haki. Bila uwele hana chakula. Watoto wakarudi kwa baba yao, wakaenda shule. Nilibaki mimi dunguni, na kombeo mkononi.

Neno moja la mwisho. Kondoa watu huwatega ndege hawa kwa mboga, na ni watamu. Lakini ndege ya serikali ikishanyunyiza sumu, usikubali mtoto aokote kwelea aliyekufa. Sumu iliyomwua yeye yaweza kumdhuru anayemla.