Maji Yaliyohesabiwa Kuwa Uchafu

Yako madini machache ya shaba ambayo kila ayashikaye hubaki na alama yake vidoleni, na valeriti ni mojawapo. Rangi yake ni kama ya sarafu ya shaba iliyopita mikono mingi. Ni laini hata ukucha huikwaruza bila taabu. Hubanduka magamba membamba, na ikiburutwa juu ya karatasi huacha mstari kama wa penseli. Uzito wake ni mara tatu na kitu ya uzito wa maji, hali madini mengine ya shaba, chuma na kiberiti hupita mara nne. Wepesi huo ulikuwa ushahidi tangu siku ya kwanza, lakini ushahidi huweza kukaa mbele ya macho ya watu kwa miaka mingi usiulizwe jambo.

Hapa neno kiberiti lataka maelezo kidogo. Kwa watu wengi leo kiberiti ni kisanduku cha njiti, lakini lilipotoka katika Kiarabu lilikuwa jina la jiwe lenyewe la manjano, lile liwakalo kwa mwali wa samawati na kutoa harufu inayokaba koo. Maana hiyo ya kale ndiyo ikusudiwayo katika habari hii. Jiwe hilo likiungana na chuma au shaba huzaa salfaidi, na salfaidi kwa tabia yake ni mkavu: hutoka katika moto wa chini ya ardhi, hung'aa kama metali, na maji hayashikamani nayo. Kwa hiyo salfaidi yenye maji ndani yake ni jambo la kustaajabisha, kama kukuta kisima ndani ya tanuri.

Christian Wilhelm Blomstrand, mkemia wa Sweden, ndiye aliyeipa valeriti jina lake mwaka 1870. Aliipata katika shimo la Aurora, huko Nya Kopparberg, akamheshimu kwa jina hilo Johan Gottschalk Wallerius, ambaye mwaka 1750 alikuwa profesa wa kwanza wa kemia katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Blomstrand alipima alichokiona. Akakuta shaba, chuma na kiberiti, kama ilivyotazamiwa. Tena akakuta magnesi, alumini na maji. Akayaandika yote. Hakuwa na njia ya kueleza vitu hivyo vilikaaje pamoja katika jiwe moja, kwa kuwa katika zama zake hapakuwa na chombo cha kumwonyesha. Yeye alitoa hesabu tu, akawaachia waliofuata.

Waliofuata walikuwa na hadubini nzuri kuliko yake. Mwaka 1932 Paul Ramdohr na Olof Ödman waliirudia valeriti, na kwa kuwa Ramdohr alikuwa bingwa wa kusoma mawe ya metali chini ya hadubini, neno lake lilikuwa na uzito mkubwa. Valeriti ina dalili moja isiyosahaulika: kipande chake kilichosuguliwa kikigeuzwa chini ya mwanga, mng'ao wake hubadilika ghafla kutoka weupe wa manjano hadi ukijivu, kana kwamba ni vitu viwili. Dalili hiyo ikaanza kutafutwa, na ikaonekana katika miamba ya nchi nyingi. Katika vitabu vya miongo iliyofuata, fomula ya valeriti ikawa shaba, chuma na kiberiti peke yake. Magnesi, alumini na maji yakahesabiwa kuwa uchafu: vumbi la mwamba wa jirani lililochanganyika na sampuli.

Si haki kuwacheka wataalamu hao. Kila apimaye jiwe lazima aondoe uchafu, na kama asingefanya hivyo asingejua kitu chochote. Mpishi huchagua mawe katika mchele. Asiyechagua huvunja meno ya wageni. Lakini katika jambo hili kilichotupwa kilikuwa kingi. Kwa fomula ijulikanayo leo, sehemu ya valeriti isiyo salfaidi ni kiasi cha theluthi moja ya uzito wake wote, na ukiipasha moto hata iachie unyevu, maji peke yake hufika kiasi cha sehemu kumi katika mia. Theluthi si vumbi. Aliyeondoa theluthi ya mchele akaiita mawe angeulizwa maswali nyumbani.

Kosa hilo likazaa jingine. Kwa kuwa maji hayakuwa tena alama ya valeriti, kila kitu kilichobadilisha mng'ao chini ya hadubini kiliweza kuitwa kwa jina hilo. Mwaka 1963 watafiti wa Finland walieleza salfaidi ya chuma yenye umbo la pembe nne, na mwaka 1964 Howard Evans na wenzake wa Marekani wakaipa jina la makinawiti, kutoka katika shimo la Mackinaw, jimbo la Washington. Hapo ikadhihirika kuwa sehemu kubwa ya ile iliyokuwa ikiitwa valeriti ulimwenguni ilikuwa makinawiti, ambayo haina shaba ya lazima wala maji. Jina la Wallerius lilikuwa limefunika vitu viwili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kile kilichokuwa na haki nalo ndicho kilichokuwa kimesahauliwa.

Mwaka 1968 Evans na Rudolf Allmann walitoa jawabu kwa eksrei. Valeriti si fuwele moja bali ni mbili zilizopangwa kwa zamu, kama kurasa za vitabu viwili zilizoingizwa moja baada ya nyingine. Ukurasa mmoja ni salfaidi ya shaba na chuma. Ukurasa unaofuata ni haidroksaidi ya magnesi na alumini. Kisha salfaidi tena. Ukurasa wa salfaidi una chaji hasi, ule wa haidroksaidi una chaji chanya kwa sababu ya alumini iliyomo, na mvuto huo ndio ugundi wa kitabu chote. Maji yenyewe hayamo kama matone. Haidrojeni na oksijeni zimefungwa pamoja katika ukurasa, na hutoka kama mvuke zikichomwa.

La ajabu zaidi ni kwamba kurasa hizo hazilingani. Ikichukuliwa sehemu moja ya milioni kumi ya milimita kuwa kipimo, mchoro wa salfaidi hujirudia kila 3.79, na ule wa haidroksaidi kila 3.07. Haulazimishwi huu kumfuata ule. Basi kwa kila fungu moja la salfaidi yahitajika mafungu kiasi cha 1.53 ya haidroksaidi, na namba hiyo iliyovunjika, ambayo ingemtia mashaka mkemia yeyote aliyezoea namba kamili, haina siri: msomaji akigawanya 3.79 kwa 3.07, kisha akazidisha jawabu kwa lenyewe, ataipata. Ni hesabu ya eneo tu, kama kutandika mikeka miwili ya nakshi mbalimbali katika chumba kimoja. Yamkini hii ndiyo sababu iliyowafanya watu kuona uchafu. Mchanganyiko usio na namba kamili hufanana mno na takataka.

Katika Afrika, habari hii haikubaki mezani kwa wataalamu. Huko Phalaborwa, kaskazini mashariki ya Afrika ya Kusini, palikuwa na kilima kiitwacho Loolekop, ambacho watu walichimba shaba yake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika karne ya ishirini kilima hicho kikageuzwa kuwa shimo kubwa. Mwamba wake ni kabonatiti, na ndani yake valeriti ni ya kutosha kuleta hasara. Mahali miamba iliposuguana na kupasuka, valeriti huvika madini mengine ya shaba ngozi nyembamba. Shaba hutengwa kwa povu: mawe husagwa, hutiwa majini pamoja na dawa, na hewa hupulizwa; salfaidi, kwa kuwa hukimbia maji, hushikamana na mapovu na kuelea. Valeriti ina kurasa zinazopenda maji. Husagika ikawa uji, hukaa na matope, na shaba yake hutupwa pamoja na mabaki. Hata chembe nzuri iliyovikwa ngozi hiyo huzama. Kile kilichoitwa uchafu katika vitabu, hapo kilitwaa shaba ya kweli.

Valeriti ina nduguye, tochiliniti, ambaye mahali pa shaba amejaza chuma. Ilielezwa mwaka 1971 kutoka Voronezh, Urusi, na ina jina la Tochilin, profesa wa chuo cha huko. Miaka miwili kabla, tarehe 28 Septemba 1969, kimondo kilianguka Murchison, katika jimbo la Victoria, Australia, na zaidi ya kilo mia moja zikaokotwa. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, cha nyuzi na magamba, chenye chuma, kiberiti na oksijeni, ambacho hakikukubali kuingia katika orodha yoyote. Waliokieleza mwaka 1973 hawakukifuta, wala hawakukipa fomula ya kubahatisha. Walikiita kwa jina la unyenyekevu, kitu kisichoelezwa vizuri, wakaendelea na kazi. Jina hilo lililodumu miaka zaidi ya kumi lina adabu isiyopatikana katika fomula nyingi za uhakika. Mwaka 1984 Ian Mackinnon na Michael Zolensky walionyesha kuwa tochiliniti imo ndani yake, kurasa zake zikiwa zimefumwa pamoja na madini mengine ya maji.

Kwa hiyo jiwe lililotoka mbinguni lilikuwa limewahi kulowa. Tochiliniti hutaka maji yasiyo na oksijeni ya kutosha, na joto la wastani. Ikipata moto mkali huvunjika. Kuwako kwake kwaonyesha kuwa ndani ya mawe madogo yazungukayo jua, barafu iliyeyuka zamani sana, kabla dunia haijatulia, na maji yakaingia katika chuma na kiberiti yakafungwa humo. Wanaotafuta asili ya bahari huyauliza mawe kama hayo.

Mwezi Februari 2021, usiku wa tarehe 28, kimondo cha jamii hiyo kilianguka Winchcombe, Uingereza, na sehemu yake ikapasukia mbele ya nyumba ya watu. Vipande vya kwanza vilikusanywa kabla saa kumi na mbili hazijapita, na tochiliniti ikaonekana tena. Haraka hiyo ilikuwa na maana. Jiwe lililobeba maji yake kwa zaidi ya miaka milioni elfu nne lilikuwa limeanguka katika nchi ya ukungu, na kila saa lililokaa nje, maji ya Uingereza yalikuwa yakiingia.