Kadi ya RAID Iliyokwenda Handeni

Mgao wa umeme wa mwaka 2006 haukuionea huruma Korogwe, ingawa mitambo ya Hale, inayozungushwa na maji ya mto Pangani, imo katika wilaya hiyo hiyo. Umeme ulikatika kompyuta zikiwa kazini. Kesho yake wenye steshenari na wapiga picha za harusi walifika Manundu, kwenye duka la mwandishi wa kumbukumbu hizi, wakati huo fundi kijana, na diski zilizogoma kuwaka. Ndipo alipoanza kufikiria kwa dhati habari ya diski mbili kubeba kazi ya moja.

Wazo lilikwishakuwapo. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski kadhaa za bei nafuu zikiunganishwa zinavyoweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Mpango huo wakauita RAID. Aina iliyomfaa fundi ni RAID 1: kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, na moja ikifa kazi haisimami.

Aliyemlazimisha kuchagua kwa makini alikuwa mpima ardhi wa Handeni. Wilaya hiyo ilikuwa ya majaribio katika MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, na vijiji vilikuwa vikipimwa ili watu wapate hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mteja alitaka mashine moja yenye mifumo miwili: Windows kwa ajili ya AutoCAD, na Linux kwa ajili ya GRASS, programu ya ramani isiyolipiwa. Linux ilimvutia pia kwa sababu virusi vya flashi, vilivyokuwa vikizagaa kila ofisi, havikuiweza.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Madabodi nyingi za wakati ule ziliuzwa kwa sifa kwamba zina RAID ndani. Ukweli ni kwamba kazi yote ilifanywa na draiva ya Windows. Ukiwasha Linux bila maandalizi, inaona diski mbili zisizohusiana. Ikiandika kwenye moja tu, pacha wanaanza kutofautiana, na ukirudi Windows hujui yupi anasema kweli. Kwa ramani ya mipaka ya shamba la mtu, hilo halivumiliki.

Kadi halisi ya RAID ni kitu kingine. Ina prosesa yake, inazishika diski yenyewe, na mfumo wowote unaowaka unaona diski moja tu. Fundi alichagua kadi ya 3ware kwa sababu draiva yake ilikuwa tayari ndani ya Linux, na CD ya Ubuntu, ambayo kampuni ya Canonical ilikuwa ikiituma bure kwa posta hadi 2011, iliitambua mara moja. Windows XP ndiyo iliyosumbua: wakati wa kuisimika ilibidi kubonyeza F6 na kuipa draiva kutoka kwenye flopi, nazo flopi nzima zilikwishaanza kuadimika. Mashine ilisafiri kilometa kama 65 hadi Handeni ikiwa imefungwa kwa blanketi, diski zikiwa zimechomolewa na kupakatwa.

Ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Hata hivyo, siku moja mtu alifuta folda ya kijiji kizima, na diski zote mbili zikaifuta kwa utiifu uleule. Nakala iliyookoa kazi ile ilikuwa kwenye DVD kabatini. Tangu hapo fundi hakuuza tena kadi bila kumuuliza mteja nakala ya tatu itakaa wapi.

Matatizo mengine ya kadi yalijitokeza polepole. Betri inayolinda data iliyo kwenye kumbukumbu ya kadi umeme unapokatika huchoka, na kuipata nyingine ukiwa Korogwe ni safari. Diski za kawaida, zikikutana na sehemu mbovu, huhangaika muda mrefu kuisoma hadi kadi inadhani zimekufa na kuzitoa kundini. Hata jina la kadi halikutulia: 3ware ilinunuliwa na AMCC mwaka 2004, ikaenda LSI mwaka 2009, na LSI yenyewe ikachukuliwa na Avago mwaka 2014. Kadi ikifa, mara nyingi diski zake huhitaji kadi ya ukoo uleule ili zisomeke, na ukoo huo ukiacha kutengenezwa mteja amebaki na diski nzima asizoweza kuzifungua.

Siku hizi vijana wa Handeni wakimuuliza, fundi anawashauri vingine kabisa. Kila mfumo upewe SSD yake, ili Windows ikijisasisha isiguse njia ya kuwashia Linux. Ramani na video zikae kwenye kompyuta ndogo ya pembeni yenye diski mbili zilizounganishwa kwa mdadm, programu ya Linux isiyodai kadi yoyote. Ikiharibika, diski zinahamishiwa kwenye mashine nyingine yenye Linux na kusomeka. Mifumo yote miwili inazifikia kwa waya wa mtandao. Pesa iliyokuwa iende kwenye kadi, anawaambia wanunue UPS nzuri na diski ya nje ya kupeleka nyumbani kila Ijumaa.