Chandarua cha Edma

Mara ya kwanza kuiona picha hii, kwenye simu, nilidhani ni chandarua. Mtoto amelala, kafunikwa kitambaa cheupe chepesi, mama kakaa pembeni. Kwa mtu aliyekulia kwenye mbu, ningedhani nini kingine?

Inaitwa Le Berceau, yaani kitanda cha mtoto mchanga. Berthe Morisot aliichora mwaka 1872, na mwaka 1874 ikatundikwa Paris kwenye maonyesho ya kwanza ya wale waliokuja kuitwa Waimpreshonisti. Haikupata mnunuzi. Leo iko Musée d'Orsay.

Mama yule ni Edma, dada yake Berthe. Mtoto ni binti yake, Blanche. Na Edma naye alikuwa mchoraji, hapo ndipo picha inaponishika. Walijifunza pamoja, Corot akawafundisha, na mwaka 1864 kazi zao wote wawili zikapokelewa kwenye Salon, maonyesho rasmi ya Paris. Mwaka 1869 Edma akaolewa na ofisa wa jeshi la majini. Uchoraji wake ukaishia karibu hapo.

Watu husema hii ni picha ya upendo wa mama. Sikatai. Ila mtazame vizuri: shavu kaliegemeza kwenye mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili vimeshika ukingo wa kitambaa. Mie namwona mtu mwenye jambo moyoni ambalo hatamwambia yeyote. Berthe, nadhani, alilijua.

Dada yangu alikuwa akichora kwa penseli nyuma ya madaftari ya shule. Aliwahi kunichora nimesinzia juu ya kitabu, mate yananitoka, nyumba nzima ikacheka. Kisha akaolewa, wakaja watoto. Hakuna aliyemkataza kuchora. Hilo ndilo linalonisumbua, maana hata mimi sikuwahi kumuuliza.

Juzi nikamtumia picha hii. Akajibu kwa sauti, nyuma yake mtoto analia.

“Mdogo wangu, huyo aliyechora alikuwa na watoto?”

Nikamwambia wakati ule hakuwa hata ameolewa.

“Ndo maana!” Akacheka sana.

Habari za Edma sikumwambia. Usiku, saa tano na kitu, ukaingia ujumbe mwingine, wa kuandika: “Lakini hicho kitambaa kakiweza. Cheupe juu ya cheupe si mchezo.”