Spika za kwanza za chumba chetu cha filamu

Vijana wenzangu, leo naandika juu ya spika. Najua kuna watakaocheka, eti mambo yote haya ya kambi na wewe unaleta habari za muziki. Lakini kikundi chetu hapa Nakivale kiliweka shilingi 350,000 za Uganda, elfu moja moja kila wiki, ili chumba cha filamu kipate sauti. Pesa kama hiyo hairudi mara mbili. Mzee jirani yetu aliuliza waziwazi: "Feza ya watoto inaenda kununua makelele?" Ilibidi tumjibu kwa hesabu.

Wengi walitaka homu thieta, ile ya spika tano na sabufa. Kwenye boksi imeandikwa wati 10,000, na ukiona picha yake unajiona tayari uko Kampala. Mimi niliikataa tangu mwanzo.

Kwanza hiyo wati 10,000. Pembeni yake kuna herufi P.M.P.O., na ukiziona hizo jua namba ni ya kupamba boksi. Geuza mashine usome nyuma inakula umeme kiasi gani. Ile tuliyoonyeshwa Mbarara ilikuwa inakula wati 80. Sasa mtu anayekula sahani moja atatapika sufuria mia? Namba ya kuamini ni ya R.M.S. Kama haipo, shika hiyo ya nyuma.

Halafu angalia sisi tunaangalia nini. Filamu zetu zinakuja kwenye flashi, nyingi zimetafsiriwa: DJ Afro wa Kenya kwa Kiswahili, VJ Junior kwa Kiluganda. Sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sauti ya filamu, na faili lenyewe mara nyingi lina njia mbili tu, kushoto na kulia. Ukilipeleka kwenye spika tano za bei ya chini, zile za nyuma zinarudia tu yaleyale. Unalipia mwangwi. Mwenye filamu zilizorekodiwa kwa njia zote sita, huyo sawa, spika ya katikati itambebea maongezi vizuri. Sisi hatuko huko.

Umeme ndio ulimaliza ubishi. Betri yetu ya sola ni ya volti 12, ampea 100. Ukizidisha unapata 1,200, lakini betri ya asidi ukiikausha kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo tunabaki na 600. Televisheni inakula 50. Weka na homu thieta ya 80, toa na kile inveta inachokula, unapata kama saa nne mashine ikipigwa kwa nguvu. Sabufa ndogo ya wati 25 yenye waya wa betri, isiyopitia inveta kabisa, inatupeleka karibu saa saba. Hiyo ni filamu ya watoto mchana, ya wakubwa jioni, na simu kadhaa zinachajiwa. (Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mkitaka kutuletea mashine, tafadhali ulizeni kwanza betri yetu ni ya ukubwa gani.)

Dukani muuzaji atakupigia wimbo wenye besi mpaka kifua kitetemeke. Mwache amalize, kisha toa flashi yako. Mimi nilibeba vipande viwili: mtafsiri anaongea juu ya milio ya risasi, na mama anasema polepole bila muziki. Ongeza sauti mpaka robo tatu, nenda simama mlangoni. Maneno yakichanika, rudisha. Kwa spika zilizotumika, toa kitambaa cha mbele ubonyeze taratibu ile pete inayozunguka karatasi. Ikimeguka kama mkate mkavu, achana nayo hata wakikupa bure.

Tulichukua sabufa yenye spika mbili kwa 210,000. Waya na misumari ikala 25,000, iliyobaki imerudi kwenye sanduku la akiba.

Spika mbili tumezitundika usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, moja kila upande wa televisheni. Angalia waya mwekundu uende kwenye chekundu pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja besi inakonda na utamlaumu muuzaji bure. Sabufa tuliitoa kwenye kona, maana kona inavimbisha besi mpaka inameza maneno. Vijana wawili hawajanisamehe kwa hilo, na nikitoka naikuta imerudishwa konani. Ukutani tumetundika blanketi mbili kuukuu kupunguza mwangwi.

Mzee anakuja siku hizi, anakaa benchi la mbele, sikio lake la kulia ndilo bado linasikia. Mvua ikipiga mabati tunasimamisha filamu, hakuna spika ya kushindana nayo, na hapo yeye ndiye anaanza kutusimulia kilichobaki anavyofikiri kitakwisha.